Mkalimani wa Neno Moja

Watu wakishajua wewe ni mkalimani, hawakuachi ule chakula kikiwa cha moto. Nimewahi kuitwa kusoma barua ya mwenye nyumba, maelezo ya dawa ya minyoo, hata maandishi ya nyuma ya pakiti ya mbegu za nyanya. Lakini kuitwa kwenda kueleza neno moja, siku yangu pekee ya kupumzika, hilo lilikuwa halijanipata mpaka Jumamosi ile ya Agosti 2016. Neno lenyewe ni dyud. Naliandika linavyotamkwa, maana kwa tahajia yao linasomeka kama dude letu, lile dubwana lisilojulikana jina, na hayo mawili hayana undugu hata wa mbali.

Aliyenipigia simu ni Papa Anicet, mzee wa kanisa moja la Wakongo kule Crystal, jirani na Minneapolis, hapa Marekani.

"Ndugu Mwita, kuja haraka. Kuna mutoto anaenda chuo kesho, na papa yake anakatala kumubariki. Neno la Kizungu njo linaleta shida."

Njo yao ni ndiyo yetu. Nikamwambia anitajie hilo neno nimweleze hapo hapo kwenye simu. Akasema mambo ya wazee hayamalizwi kwa simu. Haya. Nikaacha chai yangu mezani, nikaendesha kutoka Minneapolis, barabara yenyewe imechimbwa upande mzima kama kawaida ya kila kiangazi, njia nzima nikijisemea peke yangu.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili. Sebuleni walikuwamo wanne. Papa Anicet na daftari lake. Mama Pascasie, mama wa nyumba hiyo, mikono mapajani. Mumewe, Papa Sosthène, ambaye saa nne ya asubuhi ya Jumamosi alikuwa amevaa suti ya vipande vitatu, tai, na viatu ambavyo ungeweza kujitazama ndani yake ukachana nywele. Na binti yao Merveille, miaka kumi na minane, amekalia sanduku lake kwa sababu viti vilikuwa vimejaa mifuko ya shuka na sufuria za kwenda nazo Duluth, chuoni.

Kwao mtoto hafungi safari kubwa kabla baba hajamwekea mikono kichwani na kumwombea. Mama Pascasie alikuwa ameshaapa kwamba bila mikono hiyo gari halitoki. Chuo kilikuwa kinaanza kupokea wageni wake kesho yake, na Papa Sosthène alikuwa hajamsemesha binti yake kwa siku sita.

Kosa nikaelezwa. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Papa Sosthène alikuwa amesimama nje na wazee watatu wakichambua mahubiri, na uchambuzi ulikuwa umeingia saa ya pili. Merveille akatokea na ufunguo wa gari mkononi, akamwambia, "Dyud, twende." Mbele ya wazee. Baba akaenda garini.

Kazini kwake, kwenye ghala la vyakula vya barafu huko Savage, akaanza kupeleleza. Mmarekani mmoja akamwambia ndivyo mtu anavyomwita rafiki yake. Jairus, Mkenya wa zamu yao, akamtuliza kwa lugha ya vijana wa Nairobi, ambamo msee ni jamaa yeyote, "Hiyo ni kama msee tu, mzae, usi-stress." Kwa hiyo akarudi nyumbani na hasira mara mbili.

"Mi niko papa yake," akaniambia. "Mi si msee wake. Monsieur l'interprète, bwana mukalimani, tuambie hili neno lilizaliwa wapi. Lote. Usifiche."

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu mwenye akili angesema halina ubaya, akanywa soda, akaondoka. Lakini mimi nilisomea isimu katika nchi hii hii, na kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kuniuliza neno lilizaliwa wapi. Nikakaa vizuri nikawapa mhadhara.

Nikawaambia kwamba asili yake ya ndani kabisa wataalamu bado wanabishania, lakini lilivuma New York mwaka 1883, likiwa la kuwacheka vijana waliozidisha mapambo: suruali za kubana, kola ndefu, fimbo ya kutembelea bila kuumwa mguu. Baadaye wafugaji wa magharibi wakawaita hivyo watu wa mjini waliokuja kupanda farasi na nguo mpya. Halafu vijana weusi na wa Kimeksiko, waliojua kuvaa na wasiojali kuchekwa, wakalichukua neno wakaitana wenyewe kwa wenyewe, likawa la heshima ya rika. Wakalidaka wacheza mawimbi wa California, wale wanaoteleza baharini juu ya ubao, na kutoka kwao likaenda kwa kila mtu, mpaka leo msichana anamwita msichana mwenzake hivyo na hakuna anayegeuka.

Nilipomaliza nilijiona nimefanya kazi nzuri. Kumbe kila mmoja alikuwa ameng'oa kipande chake na kukimbia nacho. Papa Anicet alikuwa ameandika 1883 akaipigia mstari, akataka kujua kama hao Wameksiko walikuwa watu wa dini. Mama Pascasie akauliza mara mbili kama ni laana. Na Papa Sosthène alikuwa anatazama suti yake.

"Alooo," akasema taratibu. "Basi mutoto wangu amecheka nguo zangu mbele ya bazee."

"Hapana, Papa, hiyo ni ya zamani, ilishakufa."

"Weye mwenyewe umesema. Mutu wa mapambo. Mwaka 1883."

Mhadhara mzima, miaka mia na thelathini, na yeye amebaki na suruali za kubana! Nikamgeukia binti, nikamwomba aseme alichokuwa anamaanisha yeye, ili wote twende makwetu.

Merveille anaelewa Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi wa hapa. Papa Anicet akaamuru kwamba kila neno lipite kwangu, pande zote mbili, ndipo kikao kiwe kikao. Kwa hiyo nikawa namtafsiria msichana maneno ya baba yake aliyokwisha kuyaelewa, naye ananisubiri kwa adabu. Sijui kama kuna kazi ya kipuuzi kuliko hiyo.

Akasema samahani. Akasema ni neno la mdomoni tu, humwambia kila mtu, humwambia mdogo wake Yves, humwambia hata friji ikikataa kufunga. Nikatafsiri.

"Njo vile," akasema baba. "Mi na frigo, tuko sawasawa. Basi anipe jina langu. Kwani mi naitwa nani humu?"

Merveille akainama akashika mpini wa sanduku. Alipoanza tena hakuwa anamtazama mtu, na Kiingereza chake kilikuwa kinakwenda mbio. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba husemi zaidi ya kilichosemwa, na hupunguzi. Nikamfuata neno kwa neno, kwa sauti yangu, nikitamani ardhi ipasuke.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alikuwa hospitali na mimba ya miezi minane. Daktari alisema atapiga simu apatikane mkalimani. Wewe ukakataa. Ulisema Waswahili wa mji huu ni wachache, sauti ya kwenye simu ni ya mtu tutakayekutana naye Jumapili, na mambo ya nyumba yetu yatakuwa ya watu wote. Ulisema Merveille yupo. Daktari akanitazama, akasema neno ambalo sikulijua. Nikamwomba alirudie. Akanieleza maana yake, kwamba mtoto amefia tumboni. Ndipo nikakueleza wewe. Ukakaa chini. Ukaniuliza mimi, tufanye nini? Ukaniuliza kama Mama aambiwe. Na mimi ndiye niliyekwenda kumwambia. Baba ni mtu unayemuuliza. Wewe ndiye uliyeniuliza mimi. Tangu siku ile sijui nikuite nani."

Nilipomaliza, Papa Anicet alikuwa amefunga daftari. Mama Pascasie alikuwa ameufunika uso na pindo la kitenge chake. Hakushtuka kama mtu anayesikia habari mpya, kwa kuwa yeye ndiye aliyeambiwa.

Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza. Nisamehewe, lakini hasira zangu watu wa kwetu Tarime wanazifahamu.

"Baba Merveille, mwaka ule nilikuwa kazini. Huenda simu ile ingelia kwangu. Tumekula kiapo cha kutunza siri, tunakufa nazo! Kwa neno la mitaani mmeniita kutoka mji mwingine, niache chai yangu. Kwa neno lile mkamtuma mtoto?"

"Mukalimani haongezi," akasema Papa Anicet.

"Leo nipo likizo," nikamjibu.

Papa Sosthène hakunitazama. Alikuwa anamtazama binti yake kama mtu anayehesabu miaka yake upya, na nilidhani atasimama aondoke, nikajilaumu kwa mdomo wangu. Mwishowe akauliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Na weye, siku ile, ni nani alikupa pole?"

Nikafungua mdomo nitafsiri. Merveille akawahi.

"Hakuna mutu," akasema, kwa Kiswahili cha kwao, na machozi yakamtoka.

Baba akainuka. Papa Anicet akaanza kusema kwamba kikao bado hakijaamua, Mama Pascasie akamwambia anyamaze. Papa Sosthène akavuka mifuko ya shuka, akasimama mbele ya lile sanduku, akamwekea binti yake mikono yote miwili kichwani.

Halafu maneno hayakuja. Mtu ambaye Jumapili huchambua mahubiri mpaka saa ya pili alisimama pale kinywa wazi, hana hata la kuanzia. Nikasikia friji ikinguruma jikoni. Na Merveille, ambaye kwa miaka yote hiyo amempa baba yake maneno kwenye kila dirisha la ofisi ya mji huu, akanong'ona kutoka chini ya mikono yake:

"Sema, Papa, Mungu akulinde njiani."

"Nyamaza, mutoto wangu," akasema. "Leo acha nitafute mwenyewe."

Alichelewa sana kuyapata maneno yake, na hakuna aliyemsaidia, hata mimi.