Silabi Iliyogoma Kwenye Andalio la Somo

Usiku wa jana niliota nimeshtakiwa na silabi. Si neno zima, wala sentensi. Silabi moja ya herufi mbili, nayo inaitwa Me.

Nieleze kwanza kosa langu, maana sitaki kujifanya nimeonewa. Mimi ni Mwalimu Anyosisye Mwaikambo, nafundisha Kiingereza darasa la tatu huku kwetu Tukuyu, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kila Jumapili nikitoka kanisani nakaa na daftari la maandalio, naandika masomo ya wiki nzima. Andalio la Kiingereza huandikwa kwa Kiingereza, lakini ile sehemu ya mwisho, ya tathmini, mimi huandika kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ninayodanganya vizuri. Naandika: "Somo limeeleweka." Jumatatu limeeleweka, Jumanne limeeleweka, hivyo hivyo mpaka Ijumaa. Watoto wenyewe saa hiyo wako mtoni wanafua sare.

Wiki hii tuko semina. Tunafundishwa kupanga masomo ya Kiingereza kwa kufuata vigezo vipya vya mtaala. Jana mwezeshaji wetu, Madamu Kabyemela, alikusanya maandalio yote, akayapekua, akatangaza kwamba leo mimi ndiye nitakayefundisha somo la mfano mbele ya walimu thelathini. Nilikabidhiwa vitabu vipya vya somo hilo, nikaenda navyo nyumbani, nikalala na presha.

Basi, ndotoni niko ofisi ya walimu. Mlango unafunguka, anaingia mtu mfupi, kavaa koti la mvua na mabuti, mkononi ana barua ya kuomba likizo. Hakuna anayeshangaa. Madamu Kabyemela anamvutia kiti.

"Wewe ndiye Mwaikambo?" ananiuliza.

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Me. Nakaa katikati ya limeeleweka."

Nikampa mkono. Wake ulikuwa wa baridi, mkono wa mtu aliyelala nje.

"Mwalimu, kazi yangu mimi ni mambo yaliyokwisha," akasema. "Mtu amekula, naitwa. Mvua imenyesha, naitwa. Wewe unaniita Jumapili, unanisimamisha kwenye somo la Ijumaa. Siku tano nasimama pale nashuhudia kitu ambacho sijakiona. Miaka kumi na tisa, Mwaikambo! Na likizo hunipi."

"Samahani sana, mzee wangu," nikasema. "Lakini hata hawa wenzangu wanafanya hivyo hivyo."

Wenzangu wote wakainama kutafuta kitu chini ya meza.

Madamu Kabyemela akafungua kitabu cha vigezo. "Kigezo cha kwanza," akasoma. "Kilichoandikwa kiwe kweli."

"Kinaanza kutumika lini?" nikauliza.

"Sasa hivi."

Me akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja. "Basi nimegoma," akasema, akatoka nje kwenye mvua.

Mwanzoni niliona afadhali. Silabi moja tu, tunazo nyingi. Kisha Mama Tupokigwe, mpishi wetu, akachungulia mlangoni.

"Walimu, chai i..." Akakwama. Akajaribu tena. "Chai i..."

"Vipi, mama?"

"Inachemka," akasema kwa uchungu. "Jamani, inachemka tu!"

Nyuma yake alikuwa mwalimu mkuu, anatembea kizingitini, hafiki. "Ninafika," anasema. Miguu inakwenda kweli, soli za viatu zinalika, lakini yuko palepale. "Ninafika, walimu, msianze kikao."

Nikakimbilia darasani kwangu. Linafurika! Nyuma ya watoto wangu sitini na wawili kuna watu wazima. Namwona Nsubisi, nesi wa wodi ya wazazi, niliyemfundisha mwaka wangu wa kwanza wa kazi. Kavaa sare yake nyeupe, magoti yanagonga dawati. Pembeni yake kuna Ambokile, dereva wa lori la chai, na usukani wake mkononi.

"Nsubisi, unafanya nini huku?"

"Neno la kwenye cheti changu lilipungua asubuhi, mwalimu," akasema. "Sasa linasomeka 'anafaulu'. Wakaniambia nirudi niendelee kufaulu."

Ambokile akainua kidole, akaomba ruhusa ya kwenda kujisaidia.

Kabati la darasa likafunguka, Madamu Kabyemela akatoka ndani yake na kitabu chake kwapani. "Mwalimu, bila Me hakuna atakayevuka kwenda la nne," akasema. "Watoto hawa watakaa la tatu mpaka wazeeke. Andalio lako linasema kipindi ni dakika arobaini. Ndizo hizo."

Kweli, ziko dirishani, zinapanga mstari, kila dakika na mkoba wake. Ya kwanza ikashuka, ikaniaga vizuri, ikaenda zake.

Nikamtazama Subilaga, anayekaa dawati la mbele. Ana miaka tisa. Tangu aanze shule, ukiacha ile salamu ya kuimba pamoja, sikuwahi kusikia neno lake moja la Kiingereza. Nywele za juu ya masikio yake zinageuka mvi, nashuhudia kwa macho yangu. Mama yangu wee! Mtoto wa watu anazeeka kwa uvivu wangu wa Jumapili. Nilitaka kulia, nikaogopa dakika zingeniona.

Bwana mmoja mnene wa suti akanishika bega. Alinukia manukato mpaka kope zikawasha.

"Mimi ni Ta," akasema. "Unahangaika bure. Andika 'somo litaeleweka', yaishe. Sina masharti, na sijawahi kugoma."

Sifichi, mkono wangu ulikuwa unaielekea kalamu.

"Kigezo hakipokei ahadi," akasema Madamu Kabyemela.

Ta akacheka, akagawa picha zake kwa watoto wote, akaondoka akipunga mkono.

Nikaingia kabatini kumtafuta Me, nikatokea kwenye banda la kupimia majani ya chai. Wakulima wako foleni na vikapu mgongoni. Me mwenyewe kasimama kando ya mizani, koti kalivua, kachangamka kweli. Karani anakodolea mshale.

"Imefika," karani anasema, na Me anaruka ndani ya neno, kisha anatoka anajifuta jasho.

"Umeona?" akaniambia. "Hapa mtu hasemi imefika mpaka mshale ufike. Kazi ya heshima hii."

"Rudi, mzee wangu. Nakupigia magoti. Kuna mtoto anaota mvi kule."

Akaliokota koti lake. Nadhani mvi zilimgusa.

"Kwa kuitwa na wewe sirudi," akasema. "Umeniita bure mara nyingi mno. Nitarudi nikiitwa na mtoto. Hata mmoja tu, ila awe na haki ya kuniita."

Nikageuka, niko tena darasani. Dirishani zilibaki dakika kumi na moja. Walimu thelathini wa semina wako ukutani na madaftari yao, wanaandika makosa yangu.

Nikachukua kitabu kipya cha semina, nikasoma: "It is raining. The hen is under the bed." Mvua inanyesha, kuku yuko chini ya kitanda, basi. Nikafunga kitabu. Nikafungua mdomo kuuliza lile swali langu la siku zote, ambalo watoto hulijibu "ndiyooo, mwalimu" kabla sijalimaliza.

"M..." nikasema. "M... elewa?"

Halitoki. Nikajaribu la akiba. "Tu... tu... elewana?" Watoto wakanitazama kwa huruma. Mwalimu mmoja ukutani akaandika kitu kirefu.

Hapo ndipo nikaogopa kikweli. Bila silabi ile sijui kufundisha! Miaka yote hiyo nilikuwa na swali moja tu, na jibu lake nilikuwa nalipika mwenyewe nyumbani.

Dakika mbili zikashuka pamoja, zikishikana mikono.

Sikuwa na ujanja mwingine. Niliingia chini ya meza, nikachuchumaa, nikawa kuku. Nsubisi nesi akawa wa kwanza kucheka, watoto wakafuata.

"Why?" nikauliza kutoka chini ya meza. Kwa nini kuku yuko huku? Halafu nikangoja. Si kawaida yangu kungoja. Magoti yaliniuma, jasho likanitoka, dakika ikashuka, na nyingine, na nyingine. Nikaendelea kuwa kuku.

Subilaga akasimama.

"Teacher," akasema, sauti inakwaruza kwa kukaa bila kazi. "Bed of who?"

Kitanda cha nani! Kiingereza chenyewe kilikuwa kibovu, lakini swali lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nikafungua kitabu, nikatafuta. Hakisemi.

"Sijui," nikasema.

Darasa zima likaguna. Hawakuwahi kumsikia mwalimu akitamka neno hilo. Kisha mikono ikapanda kila upande: cha bibi, cha mwalimu mkuu, cha kuku mwenyewe. Ambokile alishikilia kwamba ni cha jirani, kwa sababu kuku wa kwao hajifichi. Walibishana mpaka ukuta ukatingishika.

Subilaga akaja mbele, akaweka kidole kwenye sentensi ya kwanza ya kitabu.

"Rain," akasema. "Hen no like rain."

Akaligonga neno la mvua kwa kidole, ushahidi huo hapo. Kutoa ushahidi kutoka kwenye maandishi ni kigezo cha nne. Madamu Kabyemela alitufundisha siku mbili nzima, nami sikushika kitu.

Dakika ya mwisho ilikuwa inafunga zipu ya mkoba.

"Mwalimu," akasema Subilaga, "ni..."

Akakwama. Nikashika pembe ya meza. Watoto wote wakaacha kupumua.

"Ni..."

Nje nikasikia mabuti yanakimbia kwenye matope.

"Ni..."

Me akapita dirishani kichwa kwanza, akaangukia katikati ya neno.

"Nimeelewa!"

Ee bwana wee! Huko nje Mama Tupokigwe akapiga kelele, "Chai imeiva! Imeiva, imeiva!" Mwalimu mkuu akaangukia ndani kwa kishindo, analia, anasema amefika. Nsubisi amefaulu, anakimbilia wodini, akina mama wamemngoja. Ambokile amefaulu, amezungusha usukani wake na kutokea ukutani bila kuukwaruza. Mvi za Subilaga zimeyeyuka zote. Dakika ya mwisho ikatua mkoba, ikasema imeahirisha safari. Walimu thelathini wamenibeba juu juu, na sikukataa hata kidogo, niliwaomba tu wasinikunje shati.

Me, huku anahema, akaninyooshea kalamu. Nikaandika kwenye tathmini mbele ya watu wote: "Subilaga ameelewa. Wenzake sitini na mmoja bado. Kesho narudia."

Akaisoma mara mbili. Kisha akavua mabuti, akaingia ndani ya "ameelewa", akajinyoosha.

"Hapa nitalala vizuri," akasema.

Nikaamka. Mvua ya Tukuyu inanyesha kama kawaida yake, na mtu anabisha hodi.

Alikuwa Subilaga, na dumu la maziwa ambalo mama yake humletea mke wangu kila asubuhi. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba. Siku zote akishaliweka dumu huwa anakimbia, ananiogopa. Leo hakukimbia. Alisimama kwenye matone ya paa, uso kaukunja, anatafuta maneno. Vile vitabu vipya vya semina vilikuwa mezani nyuma yangu, vimefungwa kamba kama vilivyotoka kwenye gari jana jioni. Hakuna mtoto aliyewahi kuvifungua.

"Teacher," akasema. "Bed of who?"

Nilijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo mke wangu aliisikia mpaka jikoni, kwamba sijui, nikatoka kwenda kufundisha bila kunywa chai.