Kiti cha Kiguu na Njia

Nilikwenda kuitazama nyumba ya marehemu kaka yangu kama mgeni mwingine yeyote, tena nikiwa na tiketi ya basi la jioni mfukoni. Kwetu wananiita Kiguu na Njia tangu ujana, na sikuwahi kuwapa sababu ya kuniita vingine.

Nyumba ni ya kale, kuta nene, madirisha membamba kama macho ya mtu anayesinzia. Kaka aliirithi kwa mjomba, akaijaza vitu vya kazi ya mikono: miiko, vitana, makufuli ya mbao, vinu, vitanda vya kamba. Cha kiwandani hakikupita mlangoni. Shemeji yangu, mkewe, alinichekesha aliposema kwamba ndoo yake ya plastiki aliificha uani chini ya gunia miaka yote, kama mtu anayefuga mbwa kwa siri.

Kaka alipoona hana siku nyingi, aliikabidhi nyumba kwa idara ya mambo ya kale kwa sharti moja: lazima mtu wa ukoo awe analala humo. Akikosekana, vitu vitapakiwa kwenye lori na kutawanywa. Ndiyo maana shemeji hajalala kwingine tangu mazishi. Binti yao amejifungua mapacha mji wa mbali, huko huko linakoishia basi langu, na bibi mtu amewaona kwenye simu tu.

Haya alinisimulia tukipita chumba hadi chumba, yeye mbele na funguo, mimi nyuma nimeinama nisijigonge. Nilimwonea huruma, lakini ya mpita njia. Sikio langu lilikuwa stendi.

Chumba cha mwisho kilikuwa na vitana ukutani na kiti kimoja tu, kirefu, kisicho na msumari hata mmoja. Shemeji akasema kaka alikichonga akiwa mgonjwa, na miguu ya kiti aliikata kwa kukumbuka urefu wa miguu yangu.

"Kaa, shemeji," akasema.

Nikamjibu nitakaa, magoti yananiuma.

"Hebu rudia."

"Nitakaa. Kwani kukaa nako kuna kiapo?"

Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Nikakaa. Kiti kilinienea kama suruali ya fundi anayekujua. Kisha ubao ukachomoka kwenye mkono mmoja wa kiti, ukavuka mapaja yangu, ukajipachika upande wa pili. Nikacheka, maana kaka alipenda mizaha. Nikausukuma. Haukusogea.

Shemeji hakucheka. Alitoka, akarudi na sanduku ambalo lilikuwa limeshafungwa kitambo. Funguo akazitundika kwenye kigingi ukutani, akaanza kunieleza kwamba wageni huja asubuhi, paa la jikoni linavuja, na vitana visianikwe juani.

"Shemeji, nilisema nitakaa kwenye kiti."

"Ulisema utakaa. Hicho kiti umekiongeza sasa hivi."

Nikauliza ubao unafunguliwaje. Akasema hata yeye hajui, wageni wafupi wakikikalia hauwashukii, na kaka alimwambia mwenye kiti atajua mwenyewe. Nikatishia kuuvunja. Akanijibu nivunje tu, nitakuwa nimevunja kitu pekee nilichowahi kutengenezewa na ndugu yangu. Kisha akaniaga vizuri, kwa adabu zote, akaenda. Nilisikia mlango mzito wa mbele ukirudi mahali pake.

Nilisukuma mpaka jasho likaniingia machoni. Nilivyozidi kusukuma, ndivyo ubao ulivyozidi kukaza. Ukutani vitana vya watu waliokufa zamani vilinitazama kwa meno yake yote. Nimelala vituoni, nimelala chini ya malori, nimelala hata rumande, lakini sijawahi kukosa hewa kama siku ile.

Mwishowe nikachoka, nikaegemea nyuma. Mgongo wa kiti ukabonyea kidogo, ubao ukanyanyuka wenyewe, taratibu. Kumbe ndivyo ulivyotegwa. Kaka alijua nitasukuma mbele tu, kwa sababu sijui kitu kingine.

Nikachukua mkoba wangu, nikatoka mbio. Shemeji alikuwa kizingitini, sanduku katikati ya miguu. Alivaa viatu vipya ambavyo soli zake hazikuwa zimekanyaga vumbi.

"Nimeshindwa," akasema bila kunitazama. "Ungefia humo ningesema nini kwa watu?" Halafu akasema, "Na mimi nilikuja kutazama tu, shemeji. Nilikuwa msichana. Kaka yako akaniambia kaa, nikadhani ananionyesha kiti."

Basi likapiga honi. Njia ilikuwa wazi mbele yangu, na miguu yangu ilishaanza yenyewe. Nikaviangalia tena vile viatu. Kisha nikatoa tiketi, nikamwekea mkononi, nikamwambia kwa binti yetu atashuka kituo cha mwisho.

"Utakaa?"

"Nitakaa."

"Kukaa kupi, Kiguu?"

"Nenda, kabla sijajiuliza."

Alikwenda haraka kuliko nilivyotarajia, wala hakugeuka. Nilirudi ndani, nikalisikiliza basi kwenye dirisha jembamba mpaka likapotea. Magoti yakanilazimisha kwenye kiti. Ubao ukashuka, ukajipachika.

Kuufungua najua. Ni kuegemea tu. Jioni yote ile nilikaa wima.