Mota Ikiguna

Mashine yetu ya kuchonga chuma ina nguvu za soda. Mhimili unaozungusha kisu una mbio za kukutia moyo, lakini ukiulazimisha ung'oe kipande kinene, kisu kinasakama na mota inanyamaza. Baba aliponifundisha alisema mashine ya namna hii haiendeshwi kwa macho, inasikilizwa. "Kata nusu milimita, rudia hata mara ishirini," alisema. "Ikianza kuguna, rudisha nyuma. Usingoje igune mara ya pili."

Miaka thelathini alichonga chuma katika kiwanda kikubwa, kwenye mashine zilizomega chuma kama mkate. Kilipofungwa tukanunua hii ndogo, tukafungua karakana yetu wawili. Majirani walituita Fundi na Kivuli, kwa kuwa sikumbanduka.

Mwaka huu alianza kuvunja visu. Cha kwanza nikasema bahati mbaya. Cha tatu nikasema ni kiburi cha kiwandani, anataka kumega kama zamani. Mimi nina hasira za karibu, najijua, na asubuhi ile zilikuwa tayari mlangoni.

Fundi pampu alikuwa ametuletea kifuniko cha pampu ya maji tukisawazishe uso. Kilikuwa kimoja tu, hana kingine. Baba akakibana kwenye jiriwa, akaanza kukata. Nilikuwa mlangoni naongea na mgeni huyo nilipoisikia mota ikiguna. Nikangoja Baba arudishe nyuma. Ikaguna tena, kama mtu aliyebebeshwa magunia mawili. Baba alikuwa ametulia, kiganja cha kushoto kimelala ubavuni mwa mashine, na mkono wa kulia unaongeza kina. Nilipiga kelele, wapi. Kisu kikasakama, kifuniko kikachomoka kwenye jiriwa, kikapasuka sakafuni.

Nilimsimamia usoni, mbele ya mgeni.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia. "Mashine imelia wee, na wewe unaikandamiza tu. Kaa nyumbani, Baba. Umekuwa hasara tupu."

Alifagia vipande, akavua aproni, akaitundika kwenye msumari wake, akaondoka. Fundi pampu alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mchana nilimkuta mama nyumbani akichambua mchele. Nikaanza kumshtakia, hakuniacha nimalize.

"Baba yako hasikii," alisema. "Mwaka wa pili huu. Kile kiwanda kilimmaliza masikio. Alinikataza nisikwambie, alisema ukijua tu utamtoa kwenye mashine. Na bila ile mashine, yeye hana pa kwenda asubuhi."

"Mbona tunaongea vizuri?"

"Anakusoma mdomo. Na kwa haya zake, hawezi kukuomba urudie."

Nikakikumbuka kile kiganja ubavuni mwa mashine. Kumbe hakuwa akiegemea. Alikuwa akiutafuta mguno kwa mkono, na mashine yenyewe inatetemeka muda wote, mkono utatofautisha nini? Niliona aibu. Mdomo wangu haujawahi kuniponza hivyo.

Baba alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, ananoa kisu cha jikoni. Nikasimama nyuma yake.

"Nisamehe, Baba," nikasema. "Sikujua. Rudi kazini, mimi nitakusikilizia mota."

Nilisema na mengine mengi, machozi yananitoka, na yeye akaendelea kunoa. Ndipo akili ikanijia, nikazunguka mbele yake, nikachuchumaa. Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba haangalii macho yangu. Anaangalia mdomo, na mdomo wangu ulikuwa unatetemeka kwa kilio.

"Sijakupata, mwanangu," alisema.

Nikarudia. Akakunja uso, akasogea karibu, akatikisa kichwa. Nikajaribu mara ya tatu, midomo haikunitii. Akanifuta shavu kwa kidole chenye grisi.

"Basi, usijitese," alisema kwa upole. "Ukilia siwezi kukusoma. Lile la asubuhi nililipata lote, na lilikuwa kweli."

Akarudisha kisu kwenye jiwe la kunolea.

"Spana ya kubadilishia visu iko mfukoni mwa aproni yangu," alisema. "Kesho utaihitaji."