Kabla Halijapoa

Abubakary wa vitenge ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu. "Dada Swalha, hii bei ya nini? Mbona nasikiliza weee sisikii bei?"

Swalha alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo alimoishi, chupa ya maji pembeni, koo limekauka kwa kusoma. Aliusoma ujumbe ule asiuelewe. Abubakary ameingiaje kwenye kundi la darasa la uandishi? Ndipo akalitazama jina la kundi juu ya kioo cha simu. Halikuwa kundi la darasa. Hadithi yake yote, rikodi fupi fupi moja baada ya nyingine, alikuwa ameisoma ndani ya kundi la kontena.

Kontena la kuchangia lina watu wake. Huyu ana mabelo ya madera, yule viatu, mwingine masufuria, kila mmoja kanunua nafasi yake ndani ya sanduku moja, na wote wamo kwenye kundi moja la WeChat pamoja na ndugu zao wa kupokea mzigo Unguja na Dar. Swalha ndiye wakala wao hapa Guangzhou. Tangu asubuhi mpaka jioni kazi yake ni kubonyeza hapo na kusema: belo lako limefika ghalani, lako bado, laoban, mwenye duka, anasema meiyou, hakuna, mpaka wiki ijayo. Kidole gumba kilikuwa kimeijua njia ile kama mbuzi anavyolijua zizi. Mazoea yana taabu, wahenga walisema, na hawakuwa hata na simu.

Alianza kuzifuta zile rikodi. Zile za mwisho zilikubali. Za mwanzo zilikataa, muda wa kuzifuta ulikuwa umepita, na balaa lote lilikuwa kwenye hizo za mwanzo.

"Ya Rabi," alisema peke yake pale ngazini. "Ya Rabi, da Sihaba."

Sihaba hakuwa ndugu yake wa damu. Alikuwa mwanamke wa Unguja aliyemtangulia sana katika mji huu, aliyempokea uwanja wa ndege wa Baiyun siku alipofika na begi moja na baridi ya kumtoa machozi, akampeleka nyumbani kwake, akampa kitanda cha dirishani. Hakuwahi kumuuliza ataondoka lini. Swalha alikuwa na watu wengi wa biashara Guangzhou, lakini mtu wake alikuwa huyo mmoja. Na ni siri ya mtu huyo aliyokuwa ameisoma kwa sauti nzuri, akiweka vituo panapostahili, mbele ya kontena zima.

Siri yenyewe alipewa jikoni. Walikuwa wakichagua mchele, Sihaba akaanza kusema bila kuinua uso. Mama yake alipoumwa mara ya mwisho, ndugu walimpigia arudi. Akawaambia pasi yake ya kusafiria iko ofisini, anahuisha viza, haruhusiwi kusafiri. Uongo. Pasi ilikuwa mkobani. Kilichomzuia ni mzigo wake uliokuwa unangoja kupakiwa bandarini Huangpu, na alijua fika kwamba mwenye mzigo akigeuza mgongo, belo lake ndilo linalobaki nje. Alitaka aupakie kwanza, kisha apande ndege. Mama hakumngoja. Kaka yake, Abdulwakil, alimhadithia baadaye kwamba kila mlango ulipolia, mgonjwa alifungua macho na kuuliza, "Ndiye?"

"Hili sijamwambia mtu," Sihaba alisema siku ile. "Nimeuambia mchele tu."

Swalha alimshika mkono, akalia naye, na machozi yake hayakuwa ya uongo. Kisha akaenda chooni, akafungua simu, akaandika yote.

Hawa watu wa hadithi ndivyo walivyo. Ukiwakaribisha chai wanaondoka na kikombe. Lakini Swalha alikuwa na mwalimu wa kumsingizia. Haroun, mzee wa Mombasa aliyefundisha kwa simu, alikuwa amemkuta mwanafunzi anayeandika pale moyo unapomtuma tu, basi, na moyo wenyewe mvivu. Akambana. Hakuna kuandika kabla hujasoma kurasa chache za mtu mwingine. Hakuna siku ya kupita bila aya, hata iwe mbovu ya kutupwa. "Na watu wakisema, sikiliza vile wanavyosema wao, si vile ungesema wewe," alikuwa akimrudia. "Neno la mtu ni kama chapati, liandike kabla halijapoa. Jina badilisha. Kitu usikibadilishe."

Na kweli mazoea yale yalimjenga. Miaka yote hadithi zake zilikuwa zikirudishwa na wachapishaji, nyingine bila hata salamu, na yeye akizidi kunyauka, akiamini amezaliwa kupima vitambaa tu. Hii ya mama na mlango ndiyo ya kwanza iliyopumua. Haroun alikuwa akikusanya hadithi za kitabu, akamwambia hii ina nafasi, ila mwisho wake unadanganya. Yule binti anapopata habari ya msiba anaanguka chini analia. "Kilio cha bei rahisi," mzee alisema. "Isome kwa sauti, ulimi wako utakwambia panapokwaruza. Kisha irushe kwenye kundi la darasa nisikie." Ndiyo maana Swalha alikuwa ngazini. Majina alikuwa amebadilisha yote. Ile "Ndiye?" alikuwa ameiacha kama ilivyo.

Na Abdulwakil, mpokea mzigo wa Unguja, alikuwamo kundini.

Sihaba mwenyewe, naye wa kundi hilo, alikuwa soko la Zhongda akinunua vitambaa. Akiwa sokoni simu hukaa ndani ya mkoba, mikono yake iko kwenye majora. Swalha alilishika tumaini hilo kwa meno. Amfikie kabla hajafungua simu, apige magoti, amweleze yeye mwenyewe. Alikimbilia treni na viatu vya ndani, na humo ndani ya treni akawa anaomba kwa midomo mpaka mama mmoja wa Kichina akampisha kiti.

Zhongda haina huruma na mtu mwenye haraka. Vigari vya umeme vilivyolemewa na majora vilimpigia honi, akajibanza ukutani, akakimbia tena, akapotea kwenye ujia wa lesi, akarudi. Alipolifikia duka la vitambaa vya madera alilolizoea Sihaba, alimwona kwa mgongo, amekaa juu ya jora lililolazwa chini. Simu ilikuwa sikioni.

Swalha alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye ile simu. Ilikuwa inasoma vizuri.

Hakuthubutu kumgusa. Laoban, mama mwenye duka, aliyekuwa na mkasi mkononi, aliwatazama wote wawili, akaacha kukata. Sihaba alisikiliza rikodi hadi ikaisha, akafungua iliyofuata, akaisikiliza nayo. Kisha simu ikalia, na jina la kaka yake likawaka kwenye kioo.

"Ndiyo, kaka," Sihaba alisema. Akasikiliza, akikunja ncha ya jora. "Ni mie. Ndiyo. Pasi nilikuwa nayo." Kaka akauliza jingine. "Ninayo mpaka leo, kaka, niseme nini?" Upande wa pili ulikata.

"Da Sihaba," Swalha alianza, akapiga magoti pale pale kwenye vipande vya vitambaa. "Da Sihaba, wallahi sikukusudia. Nilikosea kundi. Nilikuwa namtumia mwalimu."

"Kwa hiyo mwalimu ilikuwa halali yake?"

Swalha aliinamia vile vipande. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Sihaba alisema, lakini polepole, kama anayejihesabia mwenyewe. "Nami nilivyo mjinga, nikajua unalia na mie."

"Nililia, da. Nililia kweli."

"Kisha ukaenda kuandika."

"Kisha nikaenda kuandika."

Angalau hilo hakulidanganya. Sihaba alimtazama, na kwa muda mfupi Swalha alidhani atasamehewa, maana uso ule ulikuwa umechoka kuliko ulivyokasirika.

"Umenisikiliza vizuri, lakini hukunisikiliza mpaka mwisho," Sihaba alisema. "Umemwangusha yule binti chini, umemliza. Mie sikuanguka, Swalha. Nilikuwa Huangpu, mlango wa kontena uko wazi, mzigo wangu nusu ndani nusu nje, kaka akanipigia akaniambia mama hatunaye. Na wapakiaji wote wamesimama wananitazama. Unajua neno la kwanza lililonitoka? Nikawaambia, pakieni." Akalipapasa jora alilolikalia. "Mama yangu hajaoshwa. Nikasema, pakieni."

Swalha aliumia. Aliumia kweli, kana kwamba msiba ule ulikuwa wake. Na katikati ya maumivu hayo, mkono wake wa kulia uliingia mfukoni, ukatoa simu, na kidole gumba kikafungua ukurasa wa kuandikia. Hakuutuma. Ulikwenda wenyewe kwa sababu ndivyo alivyoufundisha, kila siku.

Sihaba aliuona ule mkono.

Hakupiga kelele. Aliinuka, akajipangusa nyuzi kwenye baibui, akachukua mkoba wake.

"Andika basi," alisema. "Lisije likapoa. Na ukirudi nyumbani, chukua vitu vyako. Nikija nisikukute."

Akatoka, akaingia kwenye msongamano wa vigari na majora, mtandio wake ukaonekana kidogo kisha usionekane. Swalha alimwita, mara nyingi, kwa sauti iliyowafanya watu wageuke. Laoban aliokota kipande cha kitambaa akampa afute uso. Swalha alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Ndani ya treni aliizima simu, akaiweka kwenye kiti, akaikalia. Alijiapia kwamba hataandika tena maisha yake yote. Atapima vitambaa, atafuatilia mabelo, atakufa wakala. Alikuwa analia, na kiapo kile alikitaka kwa moyo wake wote. Neno lile la Huangpu lilikuwa limekaa kichwani, fupi, la moto, na kila treni ilipoyumba alilisikia upya, likiwa limekaa pale pale hadithi yake ilipokuwa ikidanganya.

Treni haijafika kituo kilichofuata, alikuwa ameshaliandika.