Bomba Limepungua

Anayemdhania Abdulatif mzembe hamjui. Enzi zake akiwa fundi umeme wa winchi bandarini, kazi ya siku mbili aliimaliza kwa siku moja. Lakini mtambo huu wa kuyageuza maji kuwa gesi kwa umeme, mabomba machache tu ya stenlesi, jembamba ndani ya nene, ulimchukua kutoka mfungo hadi mfungo.

Sababu ilikuwa duka moja la mtaa wa Gerezani. Mama Lucky, mjane wa Kichaga, aliuza mabomba na kuyakata mwenyewe, miwani puani, kitenge kimejaa vumbi la chuma. Abdulatif, naye mgane, alikuwa akitoka kwake Mchafukoge baada ya alasiri, akinunua kipande kimoja. Keshokutwa yake alikirudisha.

"Leo nini tena, Baba Nasreen?"

"Bomba limepungua. Kidogo tu."

Mama Lucky hakubishana. Alilipokea, akakata jingine, kisha wakanywa kahawa. Kila mara Abdulatif alimweleza upya kwamba mabomba mawili lazima yakaribiane sana bila kugusana. Yakigusana betri inaungua, yakiachana mno gesi haitoki. Ndiyo maana katikati anatia vipete vya mpira. Mama Lucky alisikiliza kana kwamba hajawahi kuyasikia.

Siku maji ya mtambo yalipogeuka kahawia na kunuka kama dawa ya kung'arishia nguo, Mama Lucky alimcheka.

"Umetia maji ya kisima? Ya Dar yana chumvi, baba! Tia ya mvua, na magadi kidogo, kama unachemsha maharage."

Akatia. Gesi ikatoka vizuri, na Abdulatif akaingiwa na hofu: sasa ataendea nini Gerezani? Alimtamani yule mama, basi, tuseme ukweli. Lakini huyu wa msikitini, yule wa kanisani, na wote wana wajukuu. Kila alipotaka kusema, neno lilifika kooni likageuka bomba.

Jioni moja alikuta rafu tupu.

"Lucky ananihamishia Moshi Jumamosi," Mama Lucky alisema. "Eti nikapumzike."

"Moja kwa moja?"

"Moja kwa moja." Alimtazama juu ya miwani. "Una neno, Baba Nasreen?"

"Safari njema," alijibu, akauchukia ulimi wake njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumamosi asubuhi aliubeba mtambo mzima mpaka dukani. Lucky alikuwa akipakia gari. Abdulatif aliunganisha betri ya pikipiki, akaelekeza mpira wa gesi kwenye kibakuli cha maji ya sabuni, akauondoa, akasogeza njiti ndefu inayowaka kwenye mapovu. Pa! Wapita njia wakaruka. Mama Lucky alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akavuta boksi chini ya meza. Ndani yalikuwamo mabomba yote aliyorudishiwa.

"Niliyapima," alisema. "Yote yako sawasawa."

Abdulatif aliinamisha kichwa. Mzee mzima, amekamatwa mchana kweupe.

"Chukua haya, nipe mtambo. Kule kwetu maji ni matamu."

"Na ukiharibika?"

"Nitamwita fundi."

Gari likaondoka. Abdulatif alipita Mnazi Mmoja na boksi lake begani, betri mkononi, akikaa kila penye kivuli, maana lilikuwa zito na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwahi. Adhuhuri ilipita hajafika, ndipo alipopigiwa simu.

"Tuko Chalinze," alisema Mama Lucky. "Mtambo wako umeharibika."

"Umeharibikaje? Nimemwaga maji mwenyewe, na betri ninayo mimi."

"Nakwambia umeharibika, Abdulatif." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Unakuja, huji?"

"Nakuja," alisema, kabla ulimi haujapata kitu kingine cha kusema.