Baba wa Ndotoni
Kitinda alioka mikate. Alitoka kazini jua likianza kuwa kali, unga bado umemganda kwenye nyusi, akaenda moja kwa moja kumgeuza baba yake kitandani, kumsafisha na kumlisha. Ndipo naye akajitupa kwenye godoro, chumba cha pili. Walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, ambaye sasa alikuwa marehemu. Kaka yake mkubwa alikuwa na nyumba kubwa upande wa pili wa mji, na uuguzi wake wote ulikuwa wa kwenye simu.

Baba alikuwa amepigwa na kiharusi. Alilala kama gogo, ulimi umefungika, macho tu ndiyo yaliyocheza.

Haukupita muda jinamizi likamwanza Kitinda. Macho yalifunguka, akaiona feni, akaliona gauni lake la kazi msumarini, lakini mwili ukakataa katakata. Kitu kizito kikamkalia kifuani. Alitaka kupiga ukelele, sauti ikagoma. Alipochomoka, shuka lilikuwa chepechepe kwa jasho.

Akamweleza muuguzi aliyekuja kumnyoosha baba viungo, mama mcheshi aliyependa kuongea kuliko kula.

"Hakuna shetani hapo, mdogo wangu," muuguzi akasema. "Akili imeamka, mwili bado umelala. Usipigane nalo. Pumua taratibu, kisha chezesha kidole gumba cha mguu. Hicho kimoja tu. Mwili utafuata wenyewe."

"Na nikiogopa?"

"Ogopa, lakini pumua. Na ukiwa ndotoni, tazama viganja vyako. Huko vidole havitulii. Ukishajua kwamba unaota, ndoto ni yako, ipeleke utakako."

Kitinda akajizoeza. Mwanzoni aliruka tu juu ya mapaa, akicheka peke yake. Kisha siku moja akamwita baba.

Alikuwa na donge la miaka mingi. Alipokataa kuolewa na rafiki wa baba, mzee alisimama kwenye harusi ya kaka, akamnyooshea kidole mbele ya wageni, akasema, "Huyu si mwanangu." Wageni wakainamia sahani zao. Tangu hapo baba hakuyarudia maneno yale, wala hakuyafuta.

Ndotoni alikuja amesimama wima, amevaa suti ileile ya harusini.

"Mimi ni nani kwako?" Kitinda akamuuliza.

"Wewe ni mwanangu."

Akaamka analia, na kilio chenyewe kitamu. Akanogewa. Kila siku akawa anamlisha mgonjwa harakaharaka, kijiko juu ya kijiko, apate kuwahi kulala. Baba wa kitandani alikuwa anamchelewesha kwa baba wa ndotoni.

Mchana mmoja jinamizi likamkaba tena. Akiwa amelala hivyo, macho wazi, akamsikia baba akigumia ng'ambo ya ukuta. Amejilowesha, anataka kugeuzwa. Mmoja huku, mwingine kule, na hakuna wa kunyanyua hata mkono. Kitinda angeamka sasa hivi. Mzee je?

Alipojinasua alikwenda akapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, upo humo ndani, sivyo?"

Chozi likamtoka mzee, likaingia sikioni.

"Usipigane. Pumua. Tuanze na kidole cha mguu."

Siku hiyo hakikutikisika. Wala wiki hiyo. Muuguzi alikazania viungo, Kitinda akakazania maneno, usingizi akaupa kisogo, hata kidole kikacheza, kisha mkono, kisha midomo. Asubuhi moja, akiwa na kijiko hewani, alimsikia baba akijikamua:

"Mwa... mwanangu."

Kijiko kikamponyoka. "Naam, baba. Niko hapa."

Mzee akatikisa kichwa kwa shida. Macho yakampita begani, yakaenda mlangoni. "Mwanangu... yuko wapi?"

Kitinda akampigia kaka simu. "Baba ameongea. Anakutaka wewe."

Kaka alikuja na mkewe, wakapiga picha, akalia kwa sauti. Wakati wa kuondoka Kitinda akamfuata nje. "Mchukue basi. Si anakutaka?"

"Dada yangu, nani atamweza kama wewe? Mmeshazoeana."

Mchana ule Kitinda akamwita tena baba wa ndotoni. Akaja, akasema lile neno. Lakini sauti ilikuwa ya Kitinda mwenyewe, na alijua ilikuwa hivyo tangu mwanzo. Akamwacha amesimama na suti yake, akaamka. Hakumwita tena.

Jioni alimpelekea mgonjwa chakula. Mzee alikula vizuri, akamaliza sahani, akauliza mwanawe anarudi lini.

Kitinda akamfuta mdomo. "Hajasema," akajibu.