Ndevu za Maziwa

Kutoka Miti mupaka Nguba, hakuna maziwa safi kupita yangu. Mwenye kubisha aje. Ila asije asubuhi, wakati niko ku kijito nasugua bidon ya maziwa, sababu ndani ya ile maji bata wananisalimia kama wateja wa zamani.

Maziwa nauzia shule moja ya Nguba, wanaitia ndani ya bouillie, ule uji wa watoto. Mupishi ni Marcelline. Tulibatizwa siku moja, tukaolewa mwaka mumoja, hata ujane tuliingia pamoja. Mume wake alitangulia kidogo tu, kumushikia wangu nafasi.

Juma lililopita watoto walilia matumbo. Directrice, mukubwa wa shule, Maman Ghislaine, akakata neno: kila asubuhi Marcelline aonje maziwa kwanza, mbele ya kuiweka ku moto. Ni kama kwetu nyumbani: ukipatia mugeni kinywaji, unaanza wewe kunywa, ajue hakuna sumu.

"Maziwa ya dada yangu?" Marcelline akasema. "Nitakunywa hata bidon muzima!"

Nikavimba kama chura.

Ijumaa nikaacha bidon ku mulango wa jikoni, nikaenda kuongea masolo na mulinzi. Kurudi, nakuta Directrice ndani pamoja na Papa Philémon, mukaguzi wa hygiène, wa usafi, blouse nyeupe ya kazi, kalamu ku sikio. Alikuja kukata neno kama shule itaendelea kununua kwangu ao hapana.

"Maman, umeonja maziwa ya leo?" akamuuliza Marcelline.

"Nimeonja, papa! Kikombe kizima. Angalia." Akanyoosha mudomo. Ndevu nyeupe ilikuwa pale juu, nzuri kama ya askofu.

"Na tumbo?"

"Tumbo inaomba ingine!"

Directrice akacheka. Mimi nilitaka kumukumbatia Marcelline. Huyu njo rafiki, nikajisemea.

"Basi, nione bidon," Papa Philémon akasema.

Marcelline akageukia sufuria, akaanza kukoroga maji tupu. Papa Philémon akavuta bidon mwenyewe. Kifuniko chake kilipotea zamani, njo maana naziba na jani la mugomba na kufunga na kamba, fundo alinifundisha marehemu mama yangu. Ile fundo haifunguliki. Inakatwa na kisu.

Akaigeuza, akaivuta, ikakataa. "Hii kamba aliifunga nani?"

Ningeweza kusema Marcelline alionja, kisha akaifunga tena. Neno lilifika ku meno, likarudi.

"Ni mimi, papa. Ku Miti, mbele ya jua kutoka."

Haya ikaniingia mupaka ndani ya mifupa, na haikuwa juu ya kupoteza soko. Huyu mwanamuke alipokea watoto wangu na mikono yake siku nilizaa, na leo anaogopa kunywa kitu imetoka ku mikono yangu. Tena ako na haki. Mwezi uliopita alikuja kunisalimia ku kijito. Aliwaona wale bata.

"Maman Marcelline," Papa Philémon akasema polepole, "maziwa ingali imefungwa. Hiyo ndevu umeitoa wapi?"

"Ni... ni ya jana, papa. Sikunawa uso."

Directrice akamusogelea, akapitisha kidole juu ya mudomo wake, akakipuliza. Ikatoka vumbi: unga ya muhogo.